Darasa la Afya Linapoandikia Umma: Mfano wa Kichocho Mkoani Mara

Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu huandika mengi akiwa chuoni: majaribio, ripoti za mazoezi ya wodini, majibu ya mitihani. Maandishi hayo husomwa na mkufunzi ambaye jibu analijua tayari. Siku atakapotakiwa kumweleza mvuvi wa Musoma kwa nini ameze vidonge vinne vya kichocho ilhali hasikii maumivu, atajikuta mgeni wa kazi hiyo. Somo hili linaeleza namna darasa linavyoweza kuanzisha gazeti la ukutani, la kubandikwa zahanati, shuleni na kwenye mialo ya samaki, ili wanafunzi wajizoeze kumwandikia asiyelijua jibu.

Funzo la historia

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania takriban milioni 2 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Walisoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatenda: wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Mwaka 2008 mambo yalikwenda kinyume. Mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni ulizusha taharuki. Baadhi ya watoto waliugua baada ya kumeza dawa, uvumi wa vifo ukaenea, na wazazi wakakimbilia shuleni. Palipokosa maelezo ya mapema, uvumi ulitoa maelezo yake.

Toleo moja, swali moja

Darasa lianze na maswali ya watu, si na mada za mtaala. Wanafunzi wayakusanye kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje. Mvuvi wa Musoma huenda akauliza kwa nini kichocho humrudia. Mzazi wa Bunda huenda akataka kujua kama dawa itamdhuru mwanawe. Kila toleo lijibu swali moja na limwachie msomaji jambo la kutenda.

Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi kwa kawaida husomeka hivi: “Maambukizi hutokea kufuatia mgusano wa ngozi na maji yenye serkaria.” Ni sahihi, lakini haimfikii msomaji. Ikiandikwa upya, yaweza kuwa hivi:

“Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako unapooga, kufua au kuvuta nyavu. Maji ya kuoga yaliyohifadhiwa siku 2 katika chombo safi chenye kifuniko huwa salama zaidi, kwa kuwa vijidudu hivyo hufa. Maji ya kunywa yachemshe. Tumia choo, maana mayai ya kichocho hufika ziwani pamoja na kinyesi. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini leo. Haizuii maambukizi ya kesho. Kula kwanza, ndipo umeze. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo au kizunguzungu vyaweza kutokea, na mara nyingi hupita upesi. Vikizidi, rudi kituoni. Ukiona damu kwenye choo au tumbo likivimba, nenda kapimwe. Ukitapika damu, wahi hospitali.”

Siri ya mgonjwa

Wanafunzi hupenda kusimulia kisa cha wodini kwa sababu kisa hukumbukwa. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kufuta jina hakutoshi. Ikiandikwa “mwalimu mjane wa kijiji fulani cha Butiama, mwenye watoto pacha”, kijiji kizima kitamtambua kabla ya kufika mstari wa pili. Mgonjwa aliyefichuliwa huenda asirudi kliniki, na jirani yake aliyeona yaliyompata asije kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo darasa liandike juu ya ugonjwa, si juu ya mgonjwa. Picha za wodini zisitumike.

Kabla ya kubandika

Kwanza, mkufunzi au daktari athibitishe kila kipimo, dalili na onyo, kisha tarehe iandikwe chini ya ukurasa. Pili, ukurasa usomwe mbele ya watu watatu wasio wa fani ya afya, na kila mmoja aulizwe: “Ukifika nyumbani, utafanya nini?” Asipoweza kujibu, kinachorekebishwa ni ukurasa. Tatu, msomaji mzee anayezungumza zaidi Kijita au Kizanaki asisahauliwe. Mwanafunzi aijuaye lugha hiyo amsomee kwa sauti. Nne, ukurasa uliopitwa na wakati uondolewe, kwani ushauri wa zamani ukutani huaminiwa sawasawa na mpya.

Zoezi

Kila mwanafunzi aandike sentensi tano za kumjibu mzazi anayesema: “Mwanangu hana kichocho, kwa nini apewe dawa shuleni?” Mgonjwa anayesoma somo hili naye ana sehemu yake: akipewa karatasi ya maelezo asiyoielewa, amwombe mhudumu aieleze upya. Swali lake ndilo mada ya toleo lijalo.