Kutibu Moyo kwa Baridi: Nguvu ya Tiba na Usalama wa Mgonjwa

Kamati zetu za parokia huombwa kuchangia safari za wagonjwa wa moyo kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,000. Katika toleo hili tunajifunza kuhusu tiba mojawapo ya mapigo ya moyo yanayovurugika, ili tujue tuchangie nini kwanza.

Ugonjwa wenyewe
Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Damu ikituama humo huweza kuganda. Bonge likifika kwenye ubongo, mgonjwa hupata kiharusi. Hatari hiyo huongezeka takriban mara 5. Katika nchi kama yetu, chanzo kimojawapo ni maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni, ambayo baadaye huharibu vali za moyo.

Tiba ya baridi
Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Ncha yake ina puto dogo lenye baridi kali, linalogandisha nyama ya moyo kuzunguka midomo ya mishipa itokayo mapafuni, ambako vurugu huanzia mara nyingi.

Baridi isipotosha, ugonjwa hurudi. Ikizidi, huumiza umio au neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia. Ndiyo maana, puto jipya lenye baridi zaidi lilipoanza kutumika mwaka 2012, madaktari wengi walipunguza muda kutoka sekunde 240 hadi 180. Wanapotibu upande wa kulia, huweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa: kiwambo kikilegea, baridi husimamishwa mara moja. Katika utafiti wa mwaka 2016 wenye wagonjwa 762, tiba hii haikuwa duni kuliko ile ya joto, lakini neva hiyo iliumia kwa asilimia 2.7 ya waliotibiwa kwa baridi. Hao walikuwa wagonjwa ambao mapigo yao huvurugika kwa vipindi. Mwenye vali iliyoharibika sana huhitaji kwanza kuangaliwa vali yake.

Mzani wetu hapa Katavi
Hata baada ya tiba hii, mgonjwa humeza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa angalau miezi 2, na wengine huendelea maisha yote. Kwa hiyo safari haiondoi kazi ya nyumbani. Kwa wenye vali zilizoharibika, utafiti wa mwaka 2022 katika nchi 24 ulionyesha kuwa waliotumia dawa za zamani kama warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani. Nayo warfarini ina mzani wake: ikipungua, kiharusi, ikizidi, damu huvuja. Kipimo cha damu cha mara kwa mara ndicho kinachoonyesha. Mgonjwa asiongeze dawa za kienyeji wala aspirini bila ushauri, na mboga kama kisamvu na matembele ale kwa kiasi kisichobadilika sana.

Ndugu wafadhili, nauli ya kwenda kupima kila mwezi haivutii macho kama safari ya Dar es Salaam, lakini huokoa maisha.

Maswali ya kujadili
1. Ni wagonjwa gani wa moyo katika jumuiya yetu wanaokosa kipimo kwa sababu ya nauli?
2. Kabla ya kuchangia safari, tumemwuliza daktari nini kuhusu faida, hatari na matunzo ya baadaye?
3. Watoto wetu wenye maumivu ya koo na homa hufikishwa zahanati mapema?