Hazina Iliyo Chini ya Mji: Namna London Inavyotunza na Kugawana Vitu vya Kale

Mtu achimbapo msingi wa nyumba katika mji wa kale, uwe Kilwa, Lamu au London, aghalabu jembe lake hukutana na vigae, mifupa au sarafu za watu waliotangulia. Kila kizazi hujenga juu ya takataka na magofu ya kizazi kilichopita, na kwa njia hiyo ardhi ya mji huinuka polepole. London ilianzishwa na Warumi muda mfupi baada ya uvamizi wao wa mwaka 43, na katika sehemu zake za kale matabaka hayo yana kina cha mita kadhaa. Kwa kuwa majengo mapya hayaishi kujengwa, vitu vya kale navyo haviishi kufukuliwa. Basi vikishafukuliwa vifanyweje, na ni nani anufaike navyo?

Kitu na mahali pake

Kigae kimoja kikiwa peke yake hakina mengi ya kusema. Elimu yake hutokana na mahali kilipolala: kilikuwa katika tabaka lipi, juu ya nini, chini ya nini, na pamoja na vitu gani. Tabaka la chini kwa kawaida ni kongwe kuliko la juu yake. Sarafu iliyomo katika tabaka huonyesha kwamba tabaka hilo haliwezi kuwa limefanyika kabla ya sarafu hiyo kupigwa. Lakini uchimbaji huliharibu tabaka lenyewe. Mchimbaji ni kama msomaji anayechoma kila ukurasa baada ya kuusoma. Asipoandika alichokiona, hakuna atakayekisoma tena.

Kwa sababu hiyo London ina utaratibu wa alama. Kila mahali panapochimbwa hupewa herufi tatu na tarakimu mbili za mwaka uchimbaji ulipoanza. Kila tabaka, kila shimo na kila kaburi huwa na nambari yake, na nambari hizo huandikwa juu ya michoro, picha, mifuko na maboksi. Kigae kinaweza kukaa ghalani miaka 50, na bado mtafiti akajua kilitoka shimo gani.

Gharama na umiliki

Mwaka 1990 Serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo wa mipango miji uliotaka mabaki ya kale yafikiriwe kabla ya kibali cha kujenga kutolewa. Tangu hapo, kwa kawaida, mwenye kujenga ndiye anayelipia uchimbaji wa kiakiolojia. Hata hivyo kulipia uchimbaji hakumalizi jambo. Kwa sheria ya nchi hiyo, vitu vingi vinavyopatikana ardhini ni mali ya mwenye ardhi, isipokuwa vile vinavyohesabiwa kisheria kuwa hazina. Hivyo mwenye ardhi huombwa kutia sahihi hati ya kuvikabidhi kwa makumbusho. Bila hati hiyo, ghala haliwezi kuvitoa kwa watu kama mali ya umma.

Mwaka 2002 Makumbusho ya London, yaliyofunguliwa mwaka 1976, yalifungua kituo maalumu cha kumbukumbu za akiolojia katika mtaa wa Hackney. Humo ziliwekwa kumbukumbu za machimbo ya maelfu ya mahali mjini, pamoja na vitu vyenyewe, na wanafunzi, watafiti na wakazi wa kawaida wakakaribishwa kuvitazama.

Meno yaliyongoja

Faida ya kutunza huonekana vema katika makaburi ya East Smithfield, karibu na Mnara wa London. Makaburi hayo yalitengwa kwa ajili ya waliokufa katika Tauni Kuu, iliyoufikia mji mwishoni mwa mwaka 1348. Yalichimbwa baina ya mwaka 1986 na 1988, mahali palipokuwa na kiwanda cha sarafu cha Serikali, kabla ya majengo mapya kuanza. Alama ya machimbo hayo ni MIN86.

Wachimbaji wa wakati huo hawakuwa na njia ya kusoma chembe za urithi za ugonjwa ndani ya mifupa. Waliyoweza kufanya ni kuchora, kuandika nambari na kuhifadhi. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kwamba, kutokana na meno ya wafu hao, wamefaulu kuunda upya karibu jenomu yote ya bakteria wa tauni, Yersinia pestis, wa wakati ule. Ilidhihirika kwamba bakteria huyo anafanana sana na wa tauni ya siku hizi. Matokeo hayo yalitegemea jambo moja: kila jino lilijulikana limetoka kaburi gani, na tarehe ya makaburi ilijulikana kwa hakika. Jino lile lile lisilo na nambari lingebaki jino tu.

Kuchagua na kugawana

Lakini ghala lina kuta, na si kila kitu kinachoweza kuhifadhiwa. Matofali na vigae vya paa, ambavyo hupatikana kwa wingi sana, hupangwa kwa aina, hupimwa uzito, na takwimu zake huandikwa. Kisha huhifadhiwa mifano michache na vingine hutupwa. Uamuzi huo ni mzito, kwani hakuna ajuaye ni swali gani litakaloulizwa miaka 30 ijayo.

Kugawana nako kuna gharama. Jino likitobolewa ili unga wake upimwe, sehemu hiyo haitarudi. Kwa hiyo mtafiti hana budi kueleza kwanza anatafuta nini na kwa nini kipimo kisichoharibu hakitoshi. Watoto nao wana fungu lao: mwishoni mwa miaka ya 1990 makumbusho hayo yaliandaa masanduku yenye vitu halisi vya Kirumi kwa ajili ya shule za London. Vitu visivyo na kumbukumbu kamili vina faida ndogo kwa mtafiti, lakini mtoto anayeshika kwa mkono wake kigae cha chungu cha miaka 1,800 hujifunza jambo asiloweza kulipata kitabuni.

Miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sheria za kuilinda, kama ile ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964. Hata hivyo sheria haiwezi kukumbuka kigae kilitoka shimo gani. Kazi hiyo humtaka mtu mwenye kalamu, karatasi na kipimo, aliyesimama kando ya shimo kabla halijafukiwa.