Somo la Kikundi: Mateso Yasiyoacha Alama

Somo la mara hii ni zito kidogo, basi msilisome mbio mbio. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize.

Katika kikundi chetu kulikuwa na mama aliyechelewa kila mkutano. Kanuni yetu ilisema anayechelewa alipe shilingi 20, nasi tukamtoza. Siku moja aliomba akopeshwe hiyo faini yenyewe, watu wakacheka. Baadaye akaacha kuja kabisa. Miezi ikapita ndipo tukajua ya kwamba kila siku ya mkutano, saa ile ile ya kutoka, mzee wake alimtafutia kazi: mara maji hayatoshi, mara shati halijapigwa pasi vizuri. Akirudi anaulizwa amekaa na nani, amesema nini juu ya nyumba yake. Hakupigwa hata siku moja. Hata yeye mwenyewe alikuwa akituambia, "Bwana yangu ni mzuri, hanipigi."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunangoja kuona jicho lililovimba. Lakini mateso ya moyo huanza pole pole, pengine kwa mzaha mbele ya wageni: "Huyu wangu hata kuhesabu hajui." Halafu ananuniwa siku tatu bila kuambiwa kosa. Anauza maziwa ya ng'ombe anayemlisha mwenyewe, na bado aombe pesa ya chumvi na kueleza kila shilingi ilikokwenda. Kisha aambiwe, "Nilikwambia jana, umesahau? Una akili kweli?" na jana hakuambiwa lolote. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa maana mama huanza kutoamini kumbukumbu yake mwenyewe, na mtu asiyejiamini hawezi kusema anaonewa.

Si kila ugomvi ni mateso, jamani. Watu wa nyumba moja hugombana, na aliyekosa huomba msamaha. Angalieni kama jambo linarudiwa rudiwa, kama ni upande mmoja tu unaoumia, na kama mama anaogopa kusema "hapana" hata kwa jambo dogo.

Sheria inalijua jambo hili. Tangu mwaka wa 2015 Kenya ina sheria ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani. Haitaji kipigo peke yake. Inataja pia matusi na dharau za kila mara, wivu uliopita kiasi, kumnyima mtu pesa au kumzuia kufanya kazi ya kumpa mapato, hata wakwe kuingilia nyumba. Anayeteswa, mke au mume, aweza kuomba mahakama itoe amri ya kumlinda. Na kuna simu ya bure ya kuomba msaada, nambari 1195.

Kikundi kifanye nini? Kwanza msikimbilie kutuma wazee kwa bwana yake bila yeye kukubali. Wakishaondoka, atakayelipia ziara hiyo ni yeye. Wala msimjadili akiwa hayupo. Mwenzake mmoja anayemwamini atembee naye, labda wakienda kusaga unga, amwulize, "Siku hizi una amani nyumbani?" Kisha anyamaze na asikilize. Asimwambie "vumilia", wala asimwambie "toka leo". Akitaka kupiga simu na yake hukaguliwa, mwenzake ampe yake. Zamu yake ya pesa ikifika, mweka hazina ampe mkononi, asimpelekee kwa mtu mwingine yeyote.

Sisi tulibadilisha kanuni: anayechelewa mara mbili haandikiwi faini mpaka mtu amtembelee.

Sasa zungumzeni. Fungueni daftari la mahudhurio. Ni mama gani ameacha kuja mwaka huu, na kuna yeyote aliyemwuliza kwa nini?