Dimbwi la Masika na Wakazi Wake

Masika yakishika pwani ya Tanzania na Kenya, kati ya Machi na Mei, mabonde na kingo za mashamba hujaa madimbwi. Wengi wetu huyapita haraka tukiwawaza mbu tu. Safari hii simama kidogo, hasa ukiwa na watoto.

Nenda siku ya jua, saa tatu hadi saa sita mchana, kwani kereng'ende hupenda joto. Vaa viatu vya kufunika miguu. Beba bakuli jeupe na upawa uliofungwa kwenye fimbo ndefu. Usiingie majini wala usichovye mkono: konokono wa maji baridi huweza kuwa na vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi. Penye mto au bwawa kubwa, waulize wenyeji kwanza kuhusu mamba.

Ukifika, tulia dakika tano, kivuli chako kisiangukie maji. Anza kwa kutazama juu. Povu jeupe linaloning'inia kwenye tawi juu ya maji ni kiota cha chura wa mitini. Jike hulifanyiza kwa miguu ya nyuma. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi hudondoka majini.

Kisha chota maji kidogo, uyamimine bakulini. Ukibahatika utamwona tunutu wa kereng'ende, asiye na mabawa bado. Hufyatua mdomo wake wa chini ghafla na kunasa windo, wakiwemo viluwiluwi wa mbu. Hao nao watazame vizuri: anayelala sambamba na uso wa maji ni wa Anofelesi, mbu wa malaria, anayening'inia kichwa chini ni wa mbu wa aina nyingine. Ukiwakuta Anofelesi karibu na makazi, mwarifu mhudumu wa afya wa eneo lako. Ukimaliza, rudisha maji na viumbe palepale.

Dimbwi likikauka, uhai haujakwisha. Katika baadhi ya madimbwi ya pwani, mayai ya samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius hubaki ndani ya tope kavu hadi mvua irudi, ndipo yaanguliwe. Kwa hiyo bonde lililokauka si jalala. Tusimwage humo taka, sumu ya shambani wala mafuta ya gari, ili masika yajayo watoto wetu wakute cha kutazama.