SOMO LA WIKI: Mchoro mmoja, flanji za kila kipimo

MWENYE karakana akipata oda ya flanji 24 za mabomba ya maji hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini akiisoma oda yenyewe vizuri atakuta si flanji 24 za aina moja. Ni vipimo sita, flanji nne kwa kila kipimo. Hapo ndipo faida inapoanza kuvuja, kwa sababu fundi wa mashine ya CNC, ile inayoongozwa na namba za kompyuta, huandika programu sita, kila moja tangu mstari wa kwanza. Akiziandikia pale pale kwenye mashine, muda wote huo mashine imesimama.

Tuchukue hesabu ya mfano. Programu moja ikimchukua dakika 45, sita ni saa nne na nusu. Ikiwa karakana hutoza Sh. 60,000 kwa saa ya mashine, basi Sh. 270,000 zimekwenda kabla chuma hakijaguswa, na mteja hatazilipa. Oda ijayo, zimekwenda tena.

Wasomaji wetu wenye mashine hizi wanajua kuwa flanji zote zina umbo moja. Kinachobadilika ni namba chache. Kwa daraja la PN16, flanji ya bomba la DN50 ina kipenyo cha nje milimita 165, duara la boliti 125 na matundu manne ya milimita 18. Ya DN100 ni 220, 180 na matundu manane ya 18. Ya DN150 ni 285, 240 na manane ya 22. Kwa nini basi kuandika upya?

Dawa ni kuandika programu moja ambayo mahali pa namba pana jina. Kwenye mashine za Fanuc majina hayo ni alama # na namba yake. Programu hupewa duara la boliti na idadi ya matundu, kisha inakokotoa yenyewe: tundu la kwanza hukaa kwenye nyuzi 180 zikigawanywa kwa idadi ya matundu, na yanayofuata huachana kwa 360 zikigawanywa kwa idadi hiyo hiyo. Kwa DN100, tundu la kwanza linaangukia milimita 83.149 kwa 34.442 kutoka katikati. Fundi hashiki kikokotoo. Ila anayenunua mashine iliyotumika aulize mapema kama uwezo huo umefunguliwa, kwani kwenye mashine nyingi huuzwa peke yake.

Wazo lenyewe si geni. John T. Parsons wa Michigan, Marekani, alianza kwa kuziachia mashine za kadi zikokotoe nukta za umbo la mapanga ya helikopta, na kazi hiyo ikazaa mashine ya kwanza ya namba iliyoonyeshwa MIT mwaka 1952.

Njia ya pili, inayofaa zaidi kazi zenye sura ngumu, ni mchoro wa CAD wenye vigezo. Unachora flanji moja, kila kipimo unakipa jina, na majina unayafunga kwenye jedwali. Ukibadilisha mstari wa jedwali, mchoro unabadilika na njia ya kekee inatengenezwa upya. Asiye na fedha za leseni anaweza kuanza na FreeCAD, ambayo ni ya bure na ina jedwali na sehemu ya CAM ndani yake.

Hapa kuna mtego. Fundi akichagua matundu manne ya DN50 kwa kuyabonyeza moja moja, akihamia DN100 programu inaweza kutoboa manne tu na kuyaacha mengine. Matundu yachaguliwe kwa kanuni, mathalani kila tundu lenye kipenyo fulani.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme kuandaa na kujaribu kunachukua saa 12, na baada ya hapo kila kipimo ni dakika tano. Vipimo sita ni nusu saa, yaani saa nne zimeokolewa kwa kila oda. Oda ya tatu inarudisha gharama. Mwenye kupata oda ya namna hiyo mara moja kwa mwaka asijisumbue.

Jedwali ndilo la kulindwa kuliko programu. Flanji ya DN200 ina kipenyo cha nje 340 na duara la boliti 295, iwe PN10 au PN16. Lakini PN10 ina matundu manane, PN16 ina 12. Karakana moja tunayoifahamu ilichukua mstari usio wake, mashine ikatoboa bila kosa hata moja, na sahani zote zikarudishwa na mteja. Kwa hiyo safu ya daraja iwemo kwenye jedwali, mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kulibadilisha, na sahani ya kwanza ya kila kipimo ihesabiwe matundu na kupimwa kabla ya kufunga ya pili.