Bahasha Chini ya Khanga

Shangazi,

Nina miaka 34, mume wangu 39. Tumeoana miaka mitatu, na huu unakwisha mwaka wa pili tunatafuta mtoto. Mwezi huu daktari aliniandikia vipimo: damu siku ya tatu ya hedhi, damu tena siku ya 21, kisha nikimaliza hedhi inayokuja nikapigwe picha ya mirija. Damu nimeshatoa mara zote mbili. Majibu niliyachukua maabara siku tisa zilizopita, yakiwa ndani ya bahasha iliyogundishwa. Nikaiweka kabatini chini ya khanga, na hapo ipo mpaka leo. Usiku naota imefunguliwa na watu wanaisoma sebuleni.

Mzunguko wangu ni mrefu, kama siku 34. Ikibaki wiki moja naanza kununua vipimo vya mimba duka la dawa. Mwezi uliopita nilimaliza vitano. Nikiona mstari mmoja najifungia bafuni, nafungulia maji ili mume wangu asinisikie. Wifi yangu anasema wasiwasi wangu ndio uliofunga kizazi, nikitulia nitapata. Mume wangu anasema yeye hana tatizo, nianze mimi. Na hiyo picha ya mirija, kila niliyemuuliza amenitisha.

Je, niahirishe vipimo mpaka moyo utulie? Na ni kweli ninajizuilia mwenyewe?

Mwenye Bahasha, Tanga

*

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale pa maji ya bafuni nilisimama.

Nianze na neno la wifi yako, maana limekuongezea mzigo usio wako. Wasiwasi haufungi kizazi. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 juu ya wanawake zaidi ya 3,500 waliokuwa kwenye matibabu ya kutafuta ujauzito. Walipimwa kwanza hofu na huzuni zao, kisha wakafuatiliwa. Walioanza na wasiwasi mwingi walishika mimba sawa na waliokuwa watulivu. Hata hapa kwetu, ni wanawake wangapi tunaowajua walioshika mimba katikati ya msiba, ya njaa, ya ndoa yenye vurugu? Moyo wako unastahili kutulia kwa sababu unaumia. Mtoto haji kama malipo ya utulivu. Kwa hiyo usiahirishe. Ukingoja hofu iishe ndipo upime, utangoja sana, kwa sababu hofu hiyo inakula kutokana na kutojua.

Wala hujaenda kupima mapema mno. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba pale wenzi wanapokutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isitunge. Mwanamke akifika miaka 35, madaktari hushauri asingoje zaidi ya miezi sita. Ninyi mmeshapita hiyo miezi 12. Na hamko peke yenu: mwaka 2023 shirika hilohilo lilieleza kuwa kama mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo hili katika maisha yake. Kwenye daladala moja hapo mjini wamo kadhaa, kila mmoja na bahasha yake.

Sasa tuiendee hiyo ya kwako. Umeniandikia jambo dogo ambalo pengine hukujua uzito wake: mzunguko wako ni wa siku 34. Kipimo cha siku ya 21 kinatafuta homoni ya projesteroni, ambayo hupanda baada ya yai kutoka. Siku ya 21 imewekwa kwa mwanamke wa mzunguko wa siku 28, yaani siku saba kabla ya hedhi kurudi. Kwa mwenye siku 34, hesabu hiyohiyo inaangukia siku ya 27. Ukipimwa siku ya 21 yai lako huenda ndiyo kwanza limetoka, na karatasi ikaandika namba ndogo kana kwamba halikupevuka kabisa. Mwanangu, umelala siku tisa na hofu ya karatasi ambayo sehemu yake moja pengine itabidi irudiwe. Mwambie daktari mzunguko wako ni wa siku ngapi hata kama hakuuliza.

Hata yale ya siku ya tatu yana mambo yake. Homoni ya prolaktini huweza kupanda kwa sababu tu mtu alikuwa na hofu wakati sindano inaingia, ndiyo maana ikizidi kidogo huwa inarudiwa. Kama umepimwa na AMH, homoni inayokadiria akiba ya mayai, jua kwamba inakadiria wingi tu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliwafuata wanawake wa miaka 30 hadi 44 waliokuwa wanaanza kutafuta mtoto. Wenye AMH ndogo hawakuonekana kuchelewa kushika mimba kuliko wenzao. Daktari huitumia zaidi kupanga matibabu. Kwa hiyo ukikuta herufi H au L pembeni ya namba, usiisome kama hukumu. Imekwambia kwamba siku ile, saa ile, kitu kimoja ndani ya damu kilikuwa juu au chini ya kiwango. Maana yake hutolewa na mtu anayeziona namba zote pamoja, na mwili wako mbele yake.

Ndiyo sababu nakuomba usiifungue usiku peke yako, simu mkononi, ukitafuta kila neno kwenye intaneti. Ipeleke ikiwa imefungwa. Chukua daftari uandike maswali matatu: Majibu haya yanaonyesha nini? Kuna cha kurudia? Hatua inayofuata ni ipi, na lini? Andika na majibu yake palepale, kwa sababu moyo ukienda mbio masikio hayashiki.

Kuhusu picha ya mirija, nitakueleza nilichokiona. Nilimsindikiza mdogo wangu, na kwa kuwa aliomba, niliruhusiwa kuingia naye. Chumba kilikuwa na baridi. Alilala kwenye meza ya eksirei kama anavyolala mjamzito akipimwa njia, ameshika pindo la khanga yangu. Mwanzoni alikaza mwili mzima. Yule mhudumu aliona, akasimamisha kazi, akamwambia: “Nitakuwa nakwambia kila kitu kabla sijakifanya.” Na kweli akawa anasema: sasa naingiza kifaa cha kufungulia njia, sasa utasikia baridi, sasa dawa inaingia na tumbo litakuvuta kama siku ya kwanza ya hedhi, kohoa kidogo. Nikasikia khanga inalegea mkononi mwake. Kwenye kioo dawa ilipanda nyembamba kama uzi mweupe, ikafika mwisho wa mrija wa kulia, ikamwagika taratibu kama moshi wa udi. Upande wa kushoto iliishia njiani. Daktari hakusema umeziba. Alisema mrija huweza kujibana kwa maumivu au hofu wakati wa kipimo, ukaonekana umeziba kumbe uko wazi, kwa hiyo wataangalia tena. Kutoka alipopanda mezani mpaka aliposhuka hazikufika dakika 20.

Basi nawe waombe wakueleze kila hatua. Huo si usumbufu. Kipimo hufanywa damu ikishakata na kabla yai halijatoka, na mara nyingi utaambiwa usikutane na mumeo tangu hedhi ianze mpaka kipimo kiishe, ili isije ikawa mimba imo. Muulize daktari kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza kama saa moja kabla. Mwambie mapema kama una uchafu unaonuka ukeni, homa, au mzio wa dawa yoyote. Beba pedi. Ukipata homa, uchafu unaonuka au maumivu makali siku zinazofuata, rudi hospitali haraka.

Lakini kabla ya kupanda meza hiyo, kuna mtu hajapimwa.

Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Tangu nikiwa mwari nimeisikia ikisemwa kwa wanawake, na wanawake ndio tunaoizingatia. Isikilize vizuri: haikutaja mke wala mume. Kwa Kiswahili chetu mwanamume naye huzaa. Twasema fulani kazaa na fulani. Methali inawahusu wote wawili, na mumeo yumo ndani yake. Katika karibu nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Nguvu za kiume hazionyeshi kitu hapa: mtu anaweza kuwa na afya tele na mbegu zikawa chache au hazitembei.

Na kipimo chake hakina sindano wala meza. Anakaa bila kumwaga mbegu kwa siku mbili hadi saba, anatoa sampuli kwenye kikopo cha maabara, inafika kwa mpimaji ndani ya saa moja, ikiwa karibu na joto la mwili. Yakitoka majibu mabaya, nayo si hukumu. Mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya malaria ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye kikopo cha leo. Hurudiwa baadaye. Muulizeni daktari kama picha yako inaweza kusubiri kidogo mpaka majibu ya mumeo yatoke.

Najua atasita. Anayesema “mimi sina tatizo” kabla ya kupimwa mara nyingi naye anaogopa, ila hana bafu la kulilia. Usimwendee kwa kumlaumu. Mwambie, “Mume wangu, nisindikize, peke yangu sitaweza. Na tukiwa pale, tupime wote.” Na yeye ndiye aseme na watu wake. Mama yake akiuliza habari, mumeo ajibu: “Mama, tunalishughulikia, tuombee.” Neno hilo likitoka kwa mwanawe, wifi naye atapunguza. Ukialikwa arobaini ya mtoto na moyo haubebi, tuma zawadi, siku hiyo ubaki nyumbani. Na kama kuna mizizi unayokunywa, mtajie daktari, usichanganye kimyakimya na dawa zake.

Vile vipimo vya duka la dawa, nunua kimoja tu, kikae kwa mama mmoja unayemwamini. Homoni ya mimba huanza kupanda yai likishajipandikiza, hivyo wiki moja kabla ya hedhi hata mwenye mimba anaweza kuona mstari mmoja. Kichukue hedhi ikishachelewa. Vitano vya mwezi uliopita vilikupa misiba mitano pale ambapo mwili ulikuwa bado haujasema lolote. Na kitandani msiende kwa kalenda kama zamu ya kazi: mkikutana kila baada ya siku mbili tatu mtazifikia siku za rutuba bila kuzihesabu, kwa kuwa mbegu huweza kuishi mwilini mwako mpaka siku tano.

Ukiona hulali, huli, au unafikiri maisha hayana maana, mwambie daktari huyohuyo akupeleke kwa mshauri wa afya ya akili. Swala na dua zikusindikize huko.

Siwezi kukuahidi mtoto, mwanangu. Hakuna wa kuahidi hilo. Ila najua bahasha ikikaa kabatini inakua. Keshokutwa, au siku yoyote ya kliniki wiki hii, itoe chini ya khanga, ikiwa imefungwa vilevile. Mpe mumeo mkononi. Njia nzima mpaka kwa daktari, aibebe yeye.