Kadi ya Grafiki kwa Mwenye Akiba Ndogo

Mlaji anayetaka kompyuta ya michezo kwa fedha kidogo huanzia, mara nyingi, kwenye kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini, ya aina kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha hutafuta kadi ya grafiki ya kuipachika ndani. Njia hiyo si mbaya. Kompyuta za ofisi hutengenezwa imara, na prosesa iliyokuwa ikichakata hesabu za kampuni inaweza kuendesha mchezo wa mpira au wa magari bila taabu. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki, yaani kile kipande chenye prosesa na kumbukumbu yake chenyewe, ambacho kazi yake ni kuchora picha za kwenye skrini makumi ya mara kwa kila sekunde. Mara nyingi hicho ndicho kipande cha gharama kubwa kuliko vyote, na ndicho chenye majina yanayopotosha zaidi. Mtu aliyedunduliza miezi kadhaa anaweza kuipoteza akiba yake yote dukani kwa dakika kumi, na akagundua hivyo baada ya kufika nyumbani.

Anza na kasha

Kosa la kwanza hufanyika pale mnunuzi anapochagua kadi kabla ya kuitazama kompyuta itakayoibeba. Kadi iliyopachikwa kwenye ubao mama hupata kupitia mpachiko huo umeme usiozidi wati 75. Inayohitaji zaidi lazima iunganishwe na waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai: wa pini sita, unaoongeza hadi wati 75, au wa pini nane, unaoongeza hadi wati 150. Kompyuta nyingi za ofisi hazina nyaya hizo, na pawa saplai zake ni ndogo. Kadi kama Radeon RX 580, ambayo hupatikana kwa wingi katika soko la mtumba na huonekana kuwa nafuu, hutumia takriban wati 185. Anayeinunua kwa ajili ya kompyuta ya namna hiyo atalazimika kununua pawa saplai nyingine, na baadhi ya kompyuta hizo hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye ubao mama. Unafuu umekwisha hapo.

Muuzaji akikupa waya wa kubadilishia, unaochota umeme kwenye plagi ya diski ili kulisha kadi kubwa, ukatae. Plagi ya diski haikuundwa kubeba mzigo huo; huweza kupata moto na kuyeyuka.

Kwa hiyo, kwa aliye na kompyuta ya ofisi na hataki kubadili pawa saplai, kadi zinazomfaa ni zile zinazotosheka na wati 75 au pungufu. Miongoni mwake ni GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya mwaka 2019, RTX 3050 yenye GB 6 ya mwaka 2024, na Radeon RX 6400 ya mwaka 2022. Hata hapa tazama kadi yenyewe, kwa sababu watengenezaji wengine huweka tundu la pini sita kwenye kadi ambayo kwa wengine haina. Ikiwa kasha lako ni lile jembamba, utahitaji kadi ya kimo kifupi na bamba lake fupi la nyuma. Chukua rula, pima nafasi iliyomo ndani ya kasha, uandike vipimo kwenye karatasi uende nayo dukani. RX 6400 ina tahadhari yake pia: huwasiliana na ubao mama kwa njia nne tu za data, na katika kompyuta za zamani ambazo mpachiko wake ni wa kizazi cha tatu au chini yake, hupoteza sehemu ya kasi yake. Ni kadi nzuri kwa mashine mpya kiasi. Kwa mashine kuukuu, GTX 1650 inafaa zaidi.

Tazama pia skrini uliyo nayo. Skrini ya nukta 1366 kwa 768 ina nukta zipatazo milioni 1.05, karibu nusu ya ile ya 1920 kwa 1080. Kadi ya kawaida inayohema kwenye skrini kubwa hufanya kazi kwa utulivu kwenye hii ndogo. Halafu orodhesha michezo unayokusudia kuicheza hasa, usome mahitaji yaliyotangazwa na watengenezaji wake. Toleo la awali la GTA V kwa kompyuta, lililotoka mwaka 2015, lilipendekeza kadi ya GTX 660 yenye GB 2. GTX 1650 inaipita kadi hiyo. Hakuna sababu ya mtu kulipia nguvu ambayo michezo yake haiiombi. Na ikiwa kompyuta yako haina kadi ila ina kipande kimoja tu cha RAM, jaribu kwanza kuongeza cha pili kinachofanana nacho: grafiki iliyomo ndani ya prosesa hutegemea RAM hiyo, na vipande viwili huipa njia mbili za kusomea data. Kwa michezo mepesi huenda ikatosha.

Jina moja, bidhaa mbili

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hupotea pasipo mtu kusema uongo wa wazi. Kadi ya GeForce GT 1030 ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, inayopitisha GB 48 za data kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo lenye kumbukumbu ya DDR4, linalopitisha GB 16.8, yaani karibu theluthi moja. Jina halikubadilika. Kumbukumbu ya zote mbili ni GB 2, na boksi hutofautiana kwa maandishi madogo tu. Mlaji anayeuliza, “Mna GT 1030?” atajibiwa kuwa ipo, na jibu hilo litakuwa la kweli.

Mfano huo haupo peke yake. GTX 1060 ya GB 3 haikupunguziwa kumbukumbu pekee. Ina viini 1152 vya uchakataji, wakati ile ya GB 6 ina 1280. RTX 3050 ya GB 8 ina viini 2560, nayo ya GB 6 ina 2304 na njia nyembamba ya kumbukumbu. RX 580 ina toleo liitwalo 2048SP, lenye viini 2048 badala ya 2304, na wauzaji wengine huzidondosha herufi hizo za mwisho wanapotangaza. Matoleo haya si bandia. Ni bidhaa halali, na kwa bei inayolingana nayo huweza kuwa chaguo jema. RTX 3050 ya GB 6 hasa ni msaada mkubwa kwa wenye pawa saplai ndogo. Ubaya ni kulipia bei ya lile kubwa.

Usidanganywe pia na wingi wa kumbukumbu. Zipo kadi dhaifu za zamani, kama GT 730, zinazouzwa zikiwa na GB 4 za DDR3, na idadi hiyo huandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe. Ni sawa na kufunga tangi la lori kwenye bodaboda: mafuta yapo, lakini injini haina pa kuyapeleka. Uliza mambo manne kwa pamoja: jina kamili, idadi ya viini, ukubwa wa kumbukumbu na aina yake.

Kadi bandia

Bandia halisi nazo zipo. Kadi ya miaka ya 2010 au 2011, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows huamini inachoambiwa na kuonyesha jina hilo la uongo, kwa hiyo muuzaji kukuonyesha jina kwenye skrini si ushahidi. Tumia programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huweka neno FAKE mbele ya jina inapogundua udanganyifu wa namna hii. Soma humo idadi ya viini: GTX 1050 Ti ya kweli ina 768. Tundu la VGA kwenye kadi inayodaiwa kuwa ya kizazi cha GTX 10 ni sababu ya kusita, kwa kuwa kizazi hicho hakitoi chenyewe mawimbi ya analojia.

Kadi zilizochimba sarafu

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo zikaingia katika soko la mtumba. Wapo wanaozikwepa zote. Huko ni kuzidisha: kadi iliyotunzwa kwenye joto la wastani huweza kudumu, ila feni zake na ute wa kupitisha joto huwa vimechoka. Omba iwashwe mbele yako na iendeshwe kwa mzigo kamili, kwa programu kama FurMark au mchezo mzito, kwa dakika zisizopungua 20. Vidoadoa vya rangi, mistari, skrini kuzima ghafla au feni inayokwaruza ni sababu za kutosha za kuondoka. Fahamu pia kuwa umri una athari katika bei: AMD ilizipunguzia familia ya RX 400 na 500 huduma ya masasisho mwaka 2023, na NVIDIA ilitangaza kuwa kizazi cha GTX 10 hakitapata programu endeshi mpya za michezo baada ya Oktoba 2025, ila masasisho ya usalama tu. Tumia hoja hiyo unapoomba bei ipunguzwe.

Risiti

Dai risiti ya EFD, na usikubali iliyoandikwa “kadi ya kompyuta” pekee. Iandikwe jina kamili la kadi, ukubwa na aina ya kumbukumbu, na namba ya mfululizo iliyobandikwa mgongoni mwa kadi. Visipoenea, muuzaji aviandike kwenye ankara na kugonga muhuri. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Bango la “mali ikishauzwa hairudishwi” halimhalalishii mfanyabiashara kuuza kitu kwa jina lisilo lake. Ukikuta umepewa kadi tofauti, usiifungue wala kuibadilishia sehemu yoyote. Piga picha ya ukurasa wa GPU-Z, hifadhi tangazo na ujumbe mliotumiana, kisha rudi kwa muuzaji. Akikataa, peleka vielelezo hivyo pamoja na risiti Tume ya Ushindani.